Printa Niliyosema Imekufa

Mama Theresia tulimzika Tumati, kwenye shamba la ndugu zake, siku ambayo ukungu ulikataa kuondoka mpaka saa nne. Kazi niliyoifanya maisha yangu yote imeniharibu macho. Hata msibani, nikipewa karatasi, kabla sijasoma jina la marehemu naangalia kwanza ilivyochapwa. Ratiba ya ibada ilikuwa na mstari mwembamba mweusi upande wa kulia, kutoka juu mpaka chini, kila ukurasa, nikajua kwamba ngoma ya printa hiyo, lile silinda la ndani linalobandika maandishi kwenye karatasi, imekwaruzika na mwenye nayo ameamua kuvumilia. Nilikuwa bado naugeuza ule ukurasa nilipoinua uso nikamwona, upande wa pili wa kaburi, mwanaume mrefu mwenye mvi, amejifunga shuka juu ya koti. Sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka ishirini. Masikio yangu yalipata moto kabla hata jina lake halijanijia, nikajikuta nimesogea nyuma ya mama mmoja mnene aliyesimama mbele yangu. Mimi, mtu mzima ninayepewa shikamoo na ofisi nzima, nilijificha kwenye mazishi ya Mama Theresia ili Gidamis asinione.

Watu wanaonijua wananijua kama Paulina, mama wa Linux. Nimefundisha walimu, makarani na mapadri kutumia mfumo huo kwenye kompyuta zao, na kwenye semina huwa nawachekesha kwa hadithi za miaka yangu ya Mbulu, jinsi tulivyohangaika na printa nyumbani wakati hakuna aliyejua lolote. Huwa nachagua za kuchekesha. Hii nimeiruka kila mara, na nimeiruka kwa ustadi kiasi kwamba kuna miaka nilikaribia kuisahau.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuja Mbulu na cheti changu cha kompyuta kutoka Arusha, kwa kazi ya muda ya kuingiza kumbukumbu za ofisi moja kwenye mashine, na nikapanga chumba kwa Mama Theresia, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyeishi peke yake kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma mtaa wa juu, karibu na njia ya kwenda Nambis. Chumba changu kilikuwa kimetumika miaka mingi kama ghala la vitunguu saumu. Tulikipaka chokaa mara mbili na harufu haikutoka. Iliingia kwenye mashuka, kwenye nywele, kwenye karatasi. Chini ya dirisha kulikuwa na meza, na juu ya meza kompyuta niliyoiunganisha mwenyewe kutoka mbili zilizokufa. Mwezi wa saba baridi ilikuwa kali hata nikawa naweka mikono nyuma ya ile kompyuta ili feni inipulizie joto. Mama Theresia alikuwa kiongozi wa kwaya, na jioni aliingia na kigoda chake kunisomea nyimbo za Kiiraqw ili nizichape. Lugha ile ina sauti ya kooni inayoandikwa kwa alama ya mkwaju, ule mstari ulioinama (/), na kwa kuwa amri nyingi za Linux nazo zimejaa mikwaju, aliniona naziandika kwenye ule uwanja mweusi wa skrini akasema, bila kutabasamu, kwamba kumbe waliotengeneza mashine hii walipitia Mbulu kwanza.

Linux yenyewe niliipenda kwa sababu ya virusi. Miaka ile flashi ilikuwa ikitoka duka la kuchapishia inarudi na ugonjwa, na kompyuta za watu zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine. Yangu haikuugua. Lakini haikuwa na printa, na hiyo ilikuwa aibu ndogo ya kila siku: wimbo ulioupanga vizuri nyumbani unaupeleka dukani, kwenye kompyuta yenye mfumo mwingine, unafunguka mistari imehama na mikwaju imegeuka vidoti. Kwa hiyo kila Jumamosi mchana, wale wachache tuliokuwa na Linux tulikutana chumbani kwangu, na mazungumzo yote, hata yakianzia mbali kiasi gani, yaliishia kwenye printa. Damiano, karani wa shule ya sekondari, alikuwa na printa ya wino. Ilikubali Linux, ila ikikaa wiki mbili bila kuchapa wino unakauka matunduni, kwa hiyo kila Jumapili akitoka kanisani alichapa picha ya ua jekundu ili kuyazibua. Nyumba yake ilijaa maua. Mimi nilisema mtu wa Linux anunue printa ya poda, haikauki, haina deko. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyetumia nyingi. Sikuwa nimewahi kumiliki hata moja.

Gidamis alikuwa wa tatu wetu. Alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka upande wa Hanang, kijana wa Kidatoga, wa kwanza kwenye boma lao kushika chaki, na aliishi kwenye nyumba za walimu nje kidogo ya Katesh ambako umeme ulikuwa umefika. Nilikutana naye kwenye kozi ya walimu Babati nilikokuwa nasaidia kufundisha, nikampa CD ya Linux, na tangu hapo alipanda mlima kuja kwetu mara moja kwa mwezi au miezi miwili, akila vumbi lote la njia ya Dongobesh. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akifika alimpa Mama Theresia shikamoo akiwa ameinama kabisa, akavua kofia, akakaa, akatoa daftari lenye maswali aliyoyakusanya, na kila jibu langu akaliandika. Hakuna mtu aliyewahi kuandika maneno yangu kabla yake. Nadhani huo ndio ulikuwa mwanzo wa kuharibika kwangu.

Jumamosi moja mwezi wa pili alikuja na swali moja tu. Wanafunzi wake wa darasa la saba walikuwa wakinakili mitihani ya majaribio ubaoni, na nusu ya muda iliishia kwenye kunakili. Baba yake, mzee wa ng'ombe asiyejua kusoma na asiyeona kwa nini ajue, baada ya miezi ya kubembelezwa alikuwa amekubali mtamba mmoja auzwe mnadani ili mwanawe anunue mashine ya kuchapia. Gidamis alikuwa ameona printa moja ya poda Arusha, ameandika jina na namba yake kwenye daftari. Akaniuliza kama inakubali Linux.

Sikujua. Nilikuwa nimewahi kuona kwenye intaneti orodha ya printa zinazokubali, na nilikumbuka moja yenye jina linalofanana na hilo, labda namba ilitofautiana kwa tarakimu moja. Ningeweza kusema ngoja niangalie. Arusha nilikuwa naenda kila baada ya wiki chache, ingekuwa kazi ya dakika tano. Lakini Damiano alikuwa amekaa pale na maua yake, ananitazama, na Gidamis alikuwa ameshafungua kalamu.

"Hiyo inakubali bila shida," nikasema. "Nunua."

Akaandika.

Aliileta mwezi wa tatu. Aliiwasha kwake ikakataa, akairudisha kwenye boksi lake na kupanda nalo basi la Dareda, kisha lingine la kupanda mlima, ameliweka mapajani. Alipoingia vumbi lilikuwa limemgeuza rangi, boksi likiwa safi kwa sababu alilifunika na shuka lake. Mama Theresia alipika makande yenye maziwa, na siku mbili nzima nyumba ile iliishi kwa ajili ya printa. Kompyuta iliiona. Jina lake lilitokea kwenye skrini. Nikituma karatasi, taa ya kijani ilipepesa kidogo kama mtu anayetaka kukumbuka jambo, kisha ikatulia, na karatasi haikusogea. Niliandika amri zote nilizozijua, nikaandika na nisizozijua. Nilibadilisha draiva, ile programu ndogo inayoifanya kompyuta ielewane na printa, mara nne. Gidamis alikaa kwenye kigoda nyuma yangu akinitazama mikono kwa imani ambayo mpaka leo naikumbuka kwenye mgongo. Siku ya pili asubuhi Mama Theresia akapita na ndoo, akasimama mlangoni, akasema kwa upole kwamba labda tungemuuliza mtu mwingine, kwani Arusha si kuna walimu wangu.

Alikuwa sahihi kabisa, na kwa sababu hiyo nilikasirika. Nilichukua bisibisi, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikachungulia ndani kama mtu anayejua anachokitafuta. Nikanusa. Kisha nikamgeukia Gidamis nikamwambia ubao wa ndani umeungua, imekufa, na mara nyingi ni kwa sababu ya mtikisiko wa safari.

Aliinama akaweka kiganja juu ya ile mashine, kama mtu anavyoshika paji la uso la mgonjwa.

"Niliipakata njia nzima," akasema.

Nikamwambia hutokea tu, asijilaumu. Niliyasema maneno hayo kwa mdomo wangu. Yeye akanishukuru kwa kuhangaika siku mbili, akasema basi nibaki nayo, labda itanifaa kwa vipuri, maana akirudi nayo nyumbani itakuwa kama kurudi na mzoga. Nilimsindikiza mpaka stendi. Alipanda mikono mitupu na lile shuka la vumbi begani, na mimi nilirudi nikiwa na nafuu moyoni, nafuu ya kweli, kwa sababu hakuna aliyegundua kwamba sikujua.

Wiki tatu baadaye nilikuwa Arusha kwa mwalimu wangu wa zamani, na katikati ya mazungumzo mengine nikaitaja ile printa, kama habari ya mtu baki. Akacheka. Akasema printa za aina hiyo hazina kumbukumbu ya kudumu. Kila ukiziwasha huamka hazijui chochote, na lazima kompyuta izilishe faili moja dogo kwanza ndipo zikumbuke kwamba ni printa. Kwenye mfumo ule mwingine faili hilo linakuja na CD yake. Kwenye Linux unalitafuta mwenyewe. Akaniwekea pale pale kwenye flashi, faili dogo kuliko wimbo mmoja wa kwaya. Nilirudi Mbulu nikaiwasha printa, nikailisha, nikatuma ukurasa. Ikaguna, ikavuta karatasi, ikatoa wimbo wa Mama Theresia na mikwaju yote mahali pake, maandishi meusi kama mkaa, karatasi ikiwa bado ya moto. Nikaita kwa furaha. Mama akaja mbio na mikono yenye unga, akaishika karatasi kwa ncha za vidole, akaisoma yote kwa sauti.

Nilikusudia kumpigia Gidamis siku hiyo hiyo. Naandika hivyo na najua jinsi inavyosikika. Nilichukua simu, na ndipo nikaona ninachopaswa kusema: kwamba haikuwa imekufa, kwamba haikutikisika, kwamba ubao niliounusa haukuungua, kwamba mimi sikujua na nikakulaumu wewe uliyeipakata. Nikasema nitamweleza akija. Kisha nikasema nimalize kwanza nyimbo za Pasaka. Baada ya Pasaka shule ya jirani ikaomba mitihani, mtaa ukaomba ratiba ya mazishi, kijana fulani akaomba barua ya maombi ya kazi, na mimi nikawa nachapa. Kila asubuhi niliiwasha na kuilisha kabla ya chai, kama mtu mwenye ng'ombe wa maziwa. Nilijifunza kuchapa pande mbili, kupunguza poda kwa rasimu, kutikisa katriji, kile kisanduku cha poda, inapofifia ili itoe kurasa nyingine hamsini. Karatasi zilizoharibika Mama alifungia vitunguu. Watu wa mtaa wa juu walianza kuniita dada wa printa. Damiano alipoiona aliuliza si ile iliyokufa, nikamwambia nimeifufua kwa vipuri, na akanitazama kwa heshima mpya, na Jumamosi ile nikatoa somo refu kuhusu kwa nini mtu wa Linux anunue ya poda.

Gidamis alituma ujumbe mara mbili mwaka ule. Wa kwanza aliuliza kama vipuri vimenifaa. Nilijibu kwamba bado. Wa pili alisalimia tu, akasema wanafunzi wanaendelea na ubao. Huo sikuujibu.

Alikuja mwisho wa Desemba, bila taarifa. Alikuwa amemleta mama yake hospitali ya huku juu kwa ajili ya macho, na wakati madaktari wanamwangalia akapanda kutusalimia. Nilimwona kupitia dirisha akifungua geti. Nilikuwa na muda wa kutosha kufanya jambo lolote jema. Nilichofanya ni kuvuta kitenge kitandani, kuifunika printa, na kuweka juu yake kikapu cha vitunguu, kisha nikatoka kumlaki mlangoni nikicheka na kumwelekeza sebuleni.

Alikuwa amekonda. Mama Theresia akamkaribisha kwa furaha, akaniambia niweke maji ya ugali, akaanza kumuuliza habari za nyumbani, na yeye akazitoa moja moja, kwa utulivu wake. Mvua imechelewa bondeni. Ng'ombe wanakwenda mbali. Mdogo wake wa kike, binti aliyemfundisha mwenyewe hesabu kwenye mchanga wa bomani, amefaulu darasa la saba na amechaguliwa sekondari. Mama akapiga makofi. Gidamis akasema ndiyo, ni furaha, lakini mzee amekataa. Mzee amesema alishatoa mtamba kwa ajili ya vitu vya shule na mtamba huo umegeuka boksi lililokufa, na ng'ombe wake hawataenda tena njia hiyo. Kuna watu wamekuja kuzungumza habari ya kumwoa. Alieleza yote haya akiwa anatazama mikono yake, bila kumtupia mtu lawama, na alipomaliza akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria.

Nikasema pole. Nikaenda jikoni.

Jiko letu lilikuwa la mbao, limeegemea ukuta wa sebule, na kila kilichosemwa ndani kilisikika. Nilikuwa nakoroga ugali niliposikia Mama Theresia akimwambia, ili kumfariji, kwamba angalau mashine ile haikupotea bure, maana nyimbo zote za kwaya mwaka huu Paulina amezichapa kwa hiyo hiyo. Mwiko ulinisimama mkononi. Kisha nikamsikia akiuliza, kwa sauti ya chini, mashine ipi. Mama akasema hiyo uliyoleta wewe, iliyoanza kufanya kazi baada ya wewe kuondoka, kwani si ulimpa. Nilisikia ugali ukianza kuungua chini na sikuweza kuusogeza.

"Ndiyo, mama," akasema Gidamis. "Nilimpa."

Nilipoingia na chakula alikuwa amekaa vile vile. Alinawa, akala, akasifu mboga. Alikaa baada ya chakula kuliko kawaida yake, akiuliza habari ndogondogo, habari za Damiano, habari za kazi yangu, na kila alipomaliza swali alinitazama na kungoja. Mimi nilijibu kila swali kama lilivyoulizwa. Mlango wa chumba changu ulikuwa hatua kumi kutoka pale. Ilipofika saa tisa akasema mama yake atakuwa amemalizana na madaktari, akachukua kofia, akamwinamia Mama Theresia, akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa joto. Akaondoka.

Mama Theresia alikuwa anakusanya vyombo. Aliniuliza mbona sikumwonyesha mashine, angefurahi kuiona inafanya kazi. Nikasema alikuwa na haraka. Akaweka sahani chini.

"Paulina, ile mashine ni ya nani?"

Nilikuwa nimesema uongo mara nyingi kiasi kwamba jibu lilitoka lenyewe. Nikasema ni yangu. Alinitazama kwa muda ambao mwalimu humtazama mtoto anayempa nafasi ya pili, kisha akazibeba sahani akatoka. Hakunigombeza siku hiyo wala siku nyingine. Ila tangu hapo hakuniomba tena nimchapie chochote. Alirudi kuandika nyimbo zake kwa mkono, nakala kwa nakala, kwa wanakwaya wote, akiwa amekaa sebuleni na kalamu yake ya bluu, na mimi chumbani na printa ya mtamba, tukitenganishwa na ukuta mmoja. Nimepata adhabu nyingine maishani, zenye barua na mihuri. Hakuna iliyoniuma kama kusikia ile kalamu ikiparuza.

Nilivumilia mpaka mwezi wa tatu, na hata hapo sikuipeleka mwenyewe. Niliinunulia boksi jipya, nikaweka flashi yenye lile faili na kurasa mbili za maelezo, nikamkabidhi kondakta wa basi. Kwenye maelezo nilieleza jinsi ya kuilisha kila asubuhi. Sikuandika samahani, kwa sababu samahani ingehitaji sababu. Siku iliyofuata alituma ujumbe: "Imefika. Inachapa vizuri. Asante dada." Aprili nilikutana sokoni na mwalimu mwenzake, nikauliza habari za kwao kana kwamba naulizia hali ya hewa, akaniambia yule binti aliolewa Februari, bondeni kabisa, kwa mtu mzima mwenye wake wengine. Mwezi uliofuata mkataba wangu uliisha nikahamia Arusha. Mama Theresia alinifungia vitunguu na mahindi, akaniombea safari njema, akanishika mabega. Nilimwandikia mara chache. Alijibu kila barua, kwa mkono.

Haya yote yalinirudia Tumati nikiwa nyuma ya yule mama mnene. Baada ya mazishi watu walipewa chakula, na nilipokuwa nimekaa pembeni na sahani yangu, Gidamis akaja mwenyewe, akavuta benchi, akakaa. Kumbe mwaka ule ule nilioondoka mama yake alikuwa amerudi kutibiwa, na Mama Theresia ndiye aliyempokea akamkalisha miezi mitatu, kwenye chumba nilichokuwa nimekiacha. Hakuwahi kuniandikia hilo. Tangu hapo Gidamis alikuwa kama mtoto wa nyumba ile. Tulizungumza habari za marehemu, habari za kazi. Yeye sasa ni mwalimu mkuu. Tulipofika mahali ambapo hapakuwa na habari nyingine, nikaweka sahani chini nikamwambia yote, kuanzia ile orodha niliyoikumbuka vibaya. Nilidhani nitalia. Sikulia, sauti ilikuwa kavu tu.

Alisikiliza mpaka mwisho, kama zamani, isipokuwa safari hii hakuandika.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Nilikaa mpaka saa tisa nikisubiri unipe mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini hakuidai. Akasema huwezi kudai kitu nyumbani kwa mtu ambaye mama wa nyumba hiyo amekupikia, na kwamba pia alikuwa na aibu kwa niaba yangu. Alirudi bondeni akamwambia baba yake kwamba mashine haikufa, ni nzima. Mzee akamuuliza iko wapi. Hakuwa na jibu ambalo lisingemfanya mtu fulani kuwa mwizi, akanyamaza, na mzee akachukua ule ukimya kama uongo wa kijana anayetaka ng'ombe mwingine. Mazungumzo ya ndoa yakaendelea wiki hiyo hiyo.

Nilimuuliza habari za mdogo wake. Yupo, akasema. Ana watoto saba, mume alishafariki, anauza maziwa. Ana akili sana ya hesabu, hakuna anayeweza kumpunja. Nikamwambia nataka kwenda kumwona, nimweleze, nimwombe msamaha, hata kesho kama atanielekeza njia. Gidamis akatazama watu waliokuwa wanaanza kutawanyika na akina mama wanaosafisha masufuria.

"Yeye anajua kwamba baba alikataa," akasema. "Ameshamsamehe baba, ilimchukua miaka. Sasa wewe uende umwambie ilikuwa nini? Boksi lililofunikwa kitenge?"

Sikujua kwamba Mama Theresia alikiona kile kitenge, wala kwamba alimsimulia.

"Ukitaka kwenda kumsalimia, nenda," akasema. "Lakini usiende ili wewe urudi mwepesi."

Vijana wa kwaya walikuwa wameanza kukusanya mabenchi kurudisha kanisani, na hawakutosha. Gidamis akainuka, akashika mwisho mmoja wa lile tulilokuwa tumelikalia, akasimama akiningoja. Nikashika mwisho wa pili. Lilikuwa benchi refu la mbao nzito, na njia ya kwenda kanisani inapanda. Tulilipeleka mpaka ndani, tukaliweka mahali pake, tukarudi kuchukua jingine.